Usiuze ndama kununua saa ya mbio kabla ya kujua kazi yake

KILA Alhamisi mwendo wa saa tatu asubuhi, wanariadha wengi hukusanyika kando ya barabara ya udongo mwekundu nje kidogo ya mji wa Iten, Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Ni siku ya fatleki, yale mazoezi ya kukimbia kwa kasi dakika moja, mbili au tatu, kisha kupunguza mwendo dakika moja, na kuongeza tena hadi jasho litoke vilivyo.

Kabla ya kuondoka, wengi huinua mkono na kukodolea macho saa zao, wakisubiri zinase mawimbi ya setilaiti. Saa ikishalia, safari inaanza.

Saa hizo, zinazojulikana kama saa za GPS, humwambia mwanariadha amekwenda umbali gani, kwa kasi ipi na moyo wake unapiga mara ngapi kwa dakika. Waendesha baiskeli nao huzitumia kwa kazi hiyo hiyo.

Kwa mgeni aliyekuja kufanya mazoezi kutoka Ulaya, kifaa hiki ni cha kawaida. Lakini kwa kijana wa nyumbani, ambaye wazazi wake wanategemea mahindi, viazi na maziwa, bei yake si ya kuchezea. Ndiyo maana katika maboma mengi ya Bonde la Ufa swali hili huzuka: je, mzazi auze ndama ili kijana apate saa?

Jibu linategemea jambo moja tu, nalo ni kazi ambayo saa hiyo itafanya. Saa ya GPS ni chombo cha kazi kama vile jembe au pampu ya kunyunyizia dawa. Anayenunua pampu ya lita 400 kwa shamba la robo ekari amepoteza pesa, hata kama pampu yenyewe ni nzuri.

Gharama yake kwa hesabu ya shambani

Chukua mfano wa Garmin Forerunner 55, mojawapo ya saa za bei nafuu za kampuni hiyo ya Marekani. Ilipoingia sokoni mwaka 2021 iliuzwa huko kwa takriban dola 200. Kwa kiwango cha Sh130 kwa dola, hizo ni Sh26,000 kabla ya usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16.

Tuseme mkulima anauza lita 10 za maziwa kila siku kwa Sh50 kwa lita. Mapato yake ni Sh500 kwa siku. Atahitaji maziwa ya siku 52 kufikisha Sh26,000, bila kutoa hata senti moja ya chakula cha ng'ombe, dawa au karo.

Kuna pia wauzaji wanaokubali malipo ya kidogo kidogo. Hapo mnunuzi anafaa kuketi na kalamu. Akitoa Sh5,000 za kwanza kisha Sh100 kila siku kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa Sh41,500. Amenunua saa ya Sh26,000 na kuongeza Sh15,500 juu, fedha ambazo zingemsaidia kununua viatu vya kukimbilia na nauli ya kwenda mashindanoni.

Kwa hivyo, kijana anayeanza mbio na hana viatu vizuri, hali chakula cha kutosha na hajawahi kushiriki shindano lolote, hana haja ya saa ya GPS kwa sasa. Miguu haiwezi kuongezwa kasi na saa. Lakini kwa yule ambaye tayari ana kocha, ana ratiba na anakimbia kilomita nyingi barabarani kila wiki, saa inaweza kumwonyesha makosa ambayo macho hayaoni.

Inavyofanya kazi

GPS ni mfumo wa setilaiti za serikali ya Marekani zinazozunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 20,200. Saa hupokea mawimbi kutoka angani na kukokotoa mahali ilipo kwa kupima muda ambao mawimbi hayo yamechukua kufika. Inahitaji kuona angalau setilaiti nne ili ijue ilipo kwa uhakika.

Hadi mwaka 2000, mawimbi waliyopewa raia yalikuwa yamevurugwa makusudi kwa sababu za kijeshi, na kosa lingeweza kufika mita 100. Mwezi Mei mwaka huo Marekani iliondoa kizuizi hicho. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2003, Garmin ilitoa saa zake za kwanza za Forerunner kwa wakimbiaji.

Siku hizi saa nyingi hutumia pia setilaiti za mataifa mengine: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China. Kadiri saa inavyoona setilaiti nyingi, ndivyo inavyoweza kujisahihisha.

Saa za bei ya juu kidogo hupokea mawimbi ya aina mbili kutoka kwa setilaiti moja. Hizi hufanya vyema zaidi mahali ambapo mawimbi hugonga kuta za majengo marefu au majabali na kurudi. Kwa anayekimbia barabara wazi za mashambani, tofauti haiwi kubwa sana. Lakini kwa anayefanya mazoezi ndani ya msitu kama ule wa Kaptagat, au chini ya ngema za Bonde la Kerio, tofauti hiyo inaweza kuonekana.

Uwanjani, saa ya kawaida yatosha

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Mwanariadha anayefanya mazoezi yake mengi kwenye uwanja wa mita 400 hahitaji setilaiti kumwambia amekimbia umbali gani. Uwanja umeshapimwa. Mizunguko 25 ni mita 10,000.

Akitaka kumaliza mita 10,000 kwa dakika 30, kila mzunguko lazima umchukue sekunde 72. Saa ndogo ya plastiki yenye kipima muda, kama vile Casio F-91W ambayo imekuwa sokoni tangu 1989, inaonyesha sekunde hizo hadi sehemu ya mia, na betri yake hudumu miaka kadhaa bila kuchajiwa.

Tena saa ya GPS inaweza kumpotosha uwanjani. Mkimbiaji wa kasi hiyo anapita zaidi ya mita tano kila sekunde huku akipinda kona. Saa huunganisha alama za mahali alipopita, na kona zikikatwa au kupanuliwa, umbali unaongezeka au kupungua. Mitindo mingine ina mpangilio maalum wa uwanjani unaopunguza tatizo hili, lakini alama zilizochorwa chini zinabaki kuwa za kuaminika zaidi.

Hata barabarani kuna njia ya bei nafuu. Kundi la wanariadha linaweza kupima kilomita zake lenyewe kwa utepe wa mita 50, au kwa gurudumu la baiskeli. Gurudumu ambalo mzunguko wake ni mita 2.1 hugeuka mara 476 hivi katika kilomita moja. Jiwe lililopakwa rangi kila kilomita, pamoja na saa ya kipima muda, humtumikia kila mtu kijijini miaka mingi.

Njia hii si ya kudharauliwa. Hata barabara za mbio za marathon za kimataifa hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kihesabio maalum kwenye gurudumu.

Kilomita za saa na kilomita za mashindano

Jambo jingine ambalo mnunuzi anafaa kujua ni kwamba saa na barabara ya mashindano hazikubaliani kila mara.

Wapimaji wa marathon huongeza mita moja kwa kila kilomita ili barabara isije ikawa fupi kuliko kilomita 42.195. Aidha, mkimbiaji hafuati ule mstari mfupi kabisa waliopima. Hupishana na wenzake na kupanua kona. Ongeza makosa madogo ya setilaiti, na saa huishia kuonyesha zaidi ya kilomita 42.195 mwanariadha anapofika utepeni.

Madhara yake ni ya kifedha. Tuseme saa inazidisha umbali kwa asilimia moja. Mwanariadha anaona kwenye kioo kwamba anakimbia kilomita moja kwa dakika tatu kamili na kuridhika. Kwa kweli kila kilomita ya barabara inamchukua karibu sekunde mbili zaidi. Hadi mwisho wa marathon atakuwa amechelewa kwa sekunde 76 hivi. Katika mbio za barabarani, muda huo unatosha kumtoa mtu katika orodha ya wanaolipwa.

Dawa yake ni rahisi. Siku ya mashindano, mwanariadha azime ile hesabu ya saa ya kujikatia kilomita yenyewe, na abonyeze kitufe cha mzunguko kila anapopita kibao cha kilomita. Hapo atapata muda halisi. Kwa sababu hii, saa yenye vitufe vya kubonyeza inafaa kuliko ile inayotegemea kuguswa kioo tu, hasa mikono ikiwa na jasho au mvua ikinyesha.

Mambo ya kuchunguza dukani

La kwanza ni kama saa ina kipokezi chake yenyewe. Sokoni kuna saa za bei ya chini zilizoandikwa 'GPS' ilhali hukopa setilaiti za simu. Mkimbiaji akiacha simu nyumbani, saa hubaki ikikisia umbali kwa kuhesabu jinsi mkono unavyorushwa.

Kuna jaribio moja ambalo halihitaji utaalamu. Mnunuzi aache simu dukani au aizime, atoke nje palipo wazi, awashe zoezi la kukimbia na kutembea mita mia mbili au tatu akipinda kona. Akirudi na kuunganisha saa na simu, ramani inapaswa kuonyesha njia aliyopita. Kama hakuna njia iliyochorwa, hiyo si saa ya GPS kamili. Muuzaji akikataa jaribio hili, mnunuzi ajue anauziwa mbuzi kwenye gunia.

La pili ni betri. Makampuni hutaja siku nyingi ambazo saa hukaa na chaji, lakini hizo ni siku za kuangalia saa tu. Kinachofaa kuulizwa ni saa ngapi GPS ikiwa imewashwa. Forerunner 55 hutajwa kuwa na hadi saa 20. Coros Pace 3, iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 229, hutajwa kuwa na hadi saa 38.

Mwanariadha anayefanya mazoezi saa mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, anatumia saa 12. Kwa betri ya saa 20, atachaji mara moja kwa wiki. Kwa familia inayotegemea taa ndogo ya sola au inayolipia chaji kituoni, hilo si jambo dogo.

La tatu ni waya wa chaji. Saa hizi hazitumii waya wa simu moja kwa moja. Kila kampuni ina waya wake, na hata ndani ya kampuni moja mitindo ya zamani na mipya inaweza kutofautiana. Saa isiyo na waya wake ni pambo la mkononi.

La nne ni simu. Saa nyingi hutuma kumbukumbu kwa programu ya simu ambayo hupatikana bila malipo. Garmin pia inaweza kuunganishwa na kompyuta kwa waya, lakini Coros hutegemea zaidi simu. Mwenye simu ya vitufe tu au simu ya zamani sana anafaa kuhakikisha kwanza kwamba programu hiyo itakubali kuingia.

La tano ni maji. Alama ya ATM 5 humaanisha saa imejaribiwa kwa shinikizo sawa na la kina cha mita 50. Inatosha kwa mvua, jasho na kuogelea. Lakini chumvi ya jasho hula vidude vya shaba vya kuchajia, hivyo inafaa saa isuuzwe kwa maji safi na kukaushwa kabla ya kuwekwa kwenye waya.

Mapigo ya moyo

Saa nyingi sasa hupima mapigo ya moyo kwa taa ya kijani iliyo upande wa nyuma. Taa hiyo humulika ngozi na kusoma jinsi damu inavyopita.

Kipimo hiki hufanya vyema mtu anapokimbia kwa mwendo wa wastani. Huyumba saa ikiwa imelegea, mkono ukiwa na baridi kali ya alfajiri kama ile ya nyanda za juu, au mwendo ukibadilika ghafla kama katika fatleki. Kwa mwendesha baiskeli, mtetemo wa usukani kwenye barabara ya changarawe huongeza makosa.

Anayetaka hesabu sahihi hununua mkanda wa kifuani. Polar, kampuni ya Finland iliyoanzishwa mwaka 1977, ndiyo iliyovuma kwa vifaa hivi, na mikanda yake mingi huweza kuunganishwa na saa za makampuni mengine. Mwenye fedha kidogo anaweza kupata faida zaidi kwa saa ya kawaida pamoja na mkanda, kuliko saa ya bei ya juu bila mkanda.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Saa nyingi hukadiria kiwango cha juu cha mapigo kwa kutoa umri kutoka 220. Kwa kijana wa miaka 20, jibu ni 200. Lakini miili haifanani, na kiwango halisi cha mtu kinaweza kupishana na hesabu hiyo kwa mapigo zaidi ya kumi. Kocha anayempangia mwanariadha kazi kwa hesabu hiyo pekee anaweza kumchosha bure.

Ni vivyo hivyo kwa zile namba za usingizi, uchovu na uwezo wa mapafu ambazo hupamba matangazo. Ni makadirio. Mwili ukisema umechoka na saa ikisema uko sawa, mwanariadha ausikilize mwili.

Kwa waendesha baiskeli

Anayetaka saa moja kwa mbio na baiskeli ana maswali mawili ya ziada.

Swali la kwanza ni la milima. Barabara ya kutoka Iten kuteremkia Bonde la Kerio hushuka kimo cha zaidi ya mita 1,000. Kuipanda kwa baiskeli ni mazoezi makubwa, na mwendesha baiskeli hutaka kujua amepanda kimo gani. GPS pekee hukosea sana katika kupima mwinuko. Saa yenye barometa, yaani kifaa cha kupima shinikizo la hewa, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Forerunner 55 haina barometa. Forerunner 165 ya mwaka 2024, iliyoanzia dola 250, inayo, na Coros Pace 3 pia.

Swali la pili ni la kipimo cha nguvu. Waendesha baiskeli wa mashindano hufunga kifaa kwenye pedali au mkono wa pedali ambacho hupima nguvu za miguu kwa wati. Si kila saa hupokea hesabu hizo. Forerunner 55 na 165 hazipokei, ilhali Forerunner 255 ya mwaka 2022 na Coros Pace 3 hupokea.

Lakini kipimo hicho chenyewe kinaweza kugharimu zaidi ya saa. Mwendesha baiskeli asiye nacho, na asiye na mpango wa kukinunua, hana sababu ya kulipia saa kwa ajili yake.

Saa pia ifungwe kwenye usukani badala ya mkononi wakati wa kuendesha. Kuinamia mkono kuangalia kasi huku lori linapita kando kumewaletea wengi balaa.

Saa kuukuu

Katika maeneo ya wanariadha kama Iten na Eldoret, soko la saa zilizotumika haliishi. Kuna wanaorudi kutoka mashindano ya nje na zaidi ya moja, na kuna wageni wanaouza zao kabla ya kupanda ndege. Kwa kijana wa mkulima, hapa ndipo bei hukaribia uwezo wake.

Hata hivyo, betri ya saa haibadilishwi kwa urahisi kama ya simu ya zamani. Saa iliyokuwa ikikaa saa 20 inaweza kuwa imebakisha tano. Njia ya kujua ni kuichaji ijae, kuiwasha GPS nje kwa saa moja na kuangalia asilimia iliyopungua. Ikipungua asilimia tano, bado ina nguvu. Ikipungua asilimia 20, itadumu saa tano tu, na bei inafaa kushuka.

Kila kitufe kibonyezwe. Kioo kiangaliwe juani. Mwenye saa aiondoe kwenye akaunti yake ya simu mbele ya mnunuzi, kisha mnunuzi aiunganishe na simu yake papo hapo kabla ya kulipa. Asiyeweza kufanya hivyo huenda si mwenye saa, na anayenunua mali ya wizi anaweza kujikuta kituo cha polisi.

Je, inaweza kupima shamba?

Wakulima wengine huuliza kama saa hii inaweza pia kupima ukubwa wa shamba. Inaweza kutoa makisio, kwa kuzunguka mpaka na kuangalia umbali wa kila upande, lakini si zaidi ya hapo.

Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi. Kosa la mita tatu kwa kila upande, ambalo ni la kawaida kwa GPS, hugeuza mita 64 kuwa 67, na ukubwa huongezeka kwa karibu asilimia 10. Kwa kukadiria mbegu na mbolea, hilo linavumilika. Kwa kuuza kipande cha ardhi au kutatua ugomvi wa mpaka, ni lazima aitwe mpima ardhi mwenye leseni.

Kwa mwenye duka

Mfanyabiashara mdogo anayefikiria kuuza saa hizi naye afanye hesabu zake. Kuweka saa kumi za Sh26,000 ni kufungia Sh260,000 kabatini. Mtindo mpya ukitoka, bei ya ule wa zamani huanguka, na hasara ni yake.

Kwa anayeanza, mikanda ya saa, nyaya za chaji na plastiki za kukinga kioo ni biashara isiyo na hatari kubwa. Vitu hivi hukatika na kupotea, na wenye saa huvihitaji hata wakati hawana uwezo wa kununua saa nyingine.

Anayeuza saa zenyewe aulize kwanza kama anayemletea mzigo anatoa dhamana, na nani atapokea saa ikiharibika. Mteja mmoja aliyerudishiwa haki yake huleta wengine kutoka kambi nzima. Aliyeuziwa saa bandia naye husimulia kambi nzima.

Uamuzi wa mwisho

Turudi kwa yule mzazi anayemwangalia ndama wake. Kabla ya kumfungua kamba na kumpeleka sokoni, amwulize kijana maswali matatu: unafanya mazoezi wapi, nani anakupangia, na saa itabadilisha nini katika mpango huo?

Kijana akijibu kwamba anakimbia uwanjani na hana kocha, kipima muda cha bei nafuu kinamtosha, na ndama abaki akue. Akijibu kwamba anakimbia kilomita 25 au 30 za barabara kila wiki kwa zoezi moja refu, kwamba kocha anataka kuona kasi ya kila kilomita, na kwamba ana mashindano mbele yake, basi saa ya kiwango cha chini au kuukuu yenye betri nzuri ni matumizi ya maana.

Saa za bei ya juu, zenye ramani, muziki na mwangaza kama wa simu, zinaweza kusubiri zawadi ya ushindi wa kwanza. Siku hiyo kijana atajinunulia mwenyewe, na huenda akamrudishia mzazi ng'ombe.